Ukigongwa na gari lisilo na bima

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Mtinko, mkoani Singida, anayepeleka magunia ya alizeti mjini kwa Fuso yake. Njiani anagongwa na lori lisilo na bima. Nani atamlipa?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe angalau na bima ya mtu wa tatu, maarufu kama "bima ndogo". Wengi hudhani inawalinda wao wenyewe. Sivyo. Humlipa yule waliyemgonga. Kwa hiyo bima ndogo ya mwenye Fuso haitengenezi Fuso, na ya mwenye lori haipo. Hubaki kwenda mahakamani, na mshtakiwa asiye na mali hana cha kukamatwa.

Mwenye bima kubwa hutengenezewa gari na kampuni yake, kisha kampuni humdai mkosaji. Alizeti iliyomwagika ni habari nyingine: bima ya mizigo hukatwa kando, na fidia ya maana ya mguu uliovunjika huhitaji bima ya ajali binafsi.

Anayekodi lori la mtu asitosheke na karatasi anayoonyeshwa. Achukue namba ya gari, aihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) kabla gunia la kwanza halijapakiwa.