Dondoo muhimu: Programu ya kugawana gharama

Anza na hesabu kabla ya rangi na vitufe. Umeme wa LUKU wa shilingi 20,000 ukigawanywa kwa watu watatu hautoki sawa: wawili watalipa 6,667 na mmoja 6,666. Programu iamue mapema nani anapata nafuu ya shilingi hiyo, na mwezi ujao impe mwingine. Hifadhi fedha kwa namba kamili, kamwe si kwa desimali. Jumla isipolingana, hata kwa shilingi moja, watu wataacha kuiamini.

Punguza miamala. Asha akidaiwa 5,000 na Juma, na Juma akidaiwa 5,000 na Neema, Asha amlipe Neema moja kwa moja. Kutuma pesa kwa simu kuna makato, kwa hiyo ionyeshwe nani anayabeba.

Mgao sawa usiwe wa lazima: aliyesafiri wiki mbili hakutumia gesi. Ukumbusho wa deni uende kwa mdaiwa peke yake, nalisisitiza hili, si mbele ya kundi zima.

Bando likiisha, mtu aweze bado kuandika matumizi. Yatapelekwa mtandao ukirudi. Na kiasi kikibadilishwa, wote waone kilikuwa shilingi ngapi na nani amekigusa.