Mwale Haungoji Jicho Lipepese
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu mashine za leza, kwa wakazi wa Isiolo

Kwa nini tunawaandikia

Malalamiko kuhusu mashine za leza hayaishi. Aliyekwenda kufuta tatuu anarudi na baka jeupe. Aliyemsindikiza dadake kuondoa ndevu anatoka na doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Mashine zenyewe zinauzwa kwenye intaneti kama kikaushio cha nywele, na anayenunua haulizwi amesomea nini.

Tunajua wengi hamtuamini. Mnasema watu wa ofisi huja na marufuku leo, maelezo wayalete mwakani. Safari hii tunaanza na maelezo. Someni mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe.

Mpigo wa leza ni nini?

Mwanga wa tochi hutawanyika. Mwanga wa leza una rangi moja na njia moja, huenda kama mkuki. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani tarehe 16 Mei 1960, nayo haikuwaka mfululizo. Ilitoa mwanga kwa mipigo. Mashine nyingi za kufutia tatuu hupiga vivyo hivyo, na kila mpigo hudumu nanosekunde chache tu.

Nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni 1. Katika muda huo mwanga husogea sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi.

Msidharau ufupi huo. Mpigo wa milijuli 1 una nishati ya kuinua kitu cha gramu 1 kwa sentimita 10 tu. Lakini nishati hiyo ikimwagwa yote ndani ya nanosekunde 5, nguvu yake kwa kitambo hicho ni kilowati 200, sawa na birika 100 za umeme zikichemka pamoja. Na mashine ya tatuu hutoa mamia ya milijuli kwa mpigo mmoja.

Mpigo ukigusa mwili

Mwanga unaopita hauunguzi. Unaounguza ni ule unaomezwa. Mfugaji wa Merti halihitaji somo hili: kwenye jua la saa saba, ngozi ya ng'ombe mweusi huwaka kuliko ya mweupe.

Wino wa tatuu ndio ng'ombe mweusi. Unameza mwanga, unapata joto ghafla, na kwa kuwa mpigo umekwisha kabla joto halijahamia kwenye nyama ya jirani, chembe ya wino hupasuka huku ngozi inayoizunguka ikisalimika. Kanuni hii ilielezwa na Rox Anderson na John Parrish mwaka 1983. Vipande vya wino husombwa na mwili polepole, wiki baada ya wiki. Mpigo ukiwa mrefu kupita kiasi, joto husambaa na ngozi huiva.

Ngozi yetu nyeusi nayo ina rangi yake, melanini, ambayo humeza sana mwanga wa kijani wa nanomita 532 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kwa hiyo mtaalamu anayejua kazi huchagua mara nyingi mwanga wa nanomita 1064, ambao melanini huumeza kidogo. Ni chaguo jema kwa ngozi. Lakini mwanga huo hauonekani kwa macho, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

HATARI KUU: JICHO

Tunarudia, na tutarudia tena: hatari kuu ni jicho.

Konea (utando angavu wa mbele ya jicho) na lenzi hukusanya mwanga kwenye retina, nyuma ya jicho, hata ukawa mkali mara 100,000 hivi kuliko ulipoingia. Mwanga wa nanomita 1064 hufika huko pia. Retina haina neva za maumivu, na ikishaungua haioti upya kama ngozi.

"Nitapepesa," mnasema. Jicho huchukua kama robo ya sekunde kupepesa. Ndani ya robo hiyo, mpigo wa nanosekunde 5 ungeingia mara milioni 50. Tena jicho hupepesa linapoona mwanga. Huu haliuoni.

"Nitafumba macho." Kope ni ngozi nyembamba, na mwanga huu hupenya.

"Nitavaa miwani ya jua." Miwani ya jua si kinga ya leza.

Sasa tazama saluni yenyewe: vioo ukutani, mkasi, bangili, saa ya mkononi. Kila kimoja kinaweza kuurudisha mwale kwa mama anayengoja zamu na mtoto aliyempakata. Mwale hauchagui nani amelipa.

Kanuni tano zisizo na mjadala

1. Kila aliye chumbani avae miwani ya leza: mteja, mfanyakazi na msindikizaji. Mtoto asiingie kabisa.
2. Miwani iwe imeandikwa nanomita za mashine inayotumika. Iliyotengenezwa kwa 532 pekee inaweza kuipitisha 1064 kama mlango ulio wazi. Tafuta pia alama ya OD: OD 5 hupitisha sehemu 1 kati ya 100,000.
3. Vioo vifunikwe, mapambo yavuliwe, mlango ufungwe.
4. Kazi ya nyusi au kope haitoshelezwi na miwani. Inahitaji vikinga vya chuma ndani ya kope, na hiyo ni kazi ya daktari.
5. Usipeleke ngozi yenye hina au piko ipigwe leza. Rangi hiyo nayo humeza mwanga.

Si kila leza ni adui

Leza ya nanomita 1064 hutibu pia. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho anaweza, miezi au miaka baadaye, kuona ukungu kwa sababu utando unaoshikilia lenzi bandia umepoteza uangavu wake. Daktari wa macho hulenga mipigo ya milijuli chache kwenye utando huo. Pale inapokutana huzuka cheche na wimbi dogo la mshtuko, utando ukatoboka bila kisu, kwa dakika chache. Tofauti ni mkono na lengo: daktari anajua retina iko wapi.

Anayestahili, na malipo

Wajawazito, wenye makovu yanayovimba na wanaotumia dawa zinazofanya ngozi iumizwe na jua waseme mapema. Kituo kiwe na leseni ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya. SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ina masharti yake. Ulizeni kabla ya safari.

Ukipigwa na mwale

Dalili ni mmweko wa ghafla, pengine mlio kama "pa!" ndani ya kichwa, kisha doa au ukungu katikati ya unachotazama. Usitie maziwa ya mama, chai wala dawa ya miti. Usingoje "lipoe". Nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo, taja aina ya mashine, na omba rufaa kwa mtaalamu wa retina. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni kilomita 280 hivi, na Kikuyu, penye hospitali ya PCEA yenye kitengo cha macho, ni mbele kidogo. Ni mbali, lakini kuna njia.

Ofisi yetu imeyasema haya kwenye baraza, sokoni, msikitini na kanisani. Haikuchoka, wala haitachoka. Lakini hatutakuwepo siku utakayokaa kwenye kile kiti. Siku hiyo, kabla mashine haijawashwa, uliza swali moja: "Miwani yangu iko wapi?" Ukijibiwa "wewe fumba macho tu," simama, utoke.