Dondoo muhimu: Noti za Mjerumani

Ukikuta noti ya Kijerumani kwenye sanduku la babu hapa Butimba, soma kwanza jina la fedha. “Mark” ya mwaka 1923 ni ya Ujerumani kwenyewe, enzi thamani ya fedha yao ilipoporomoka hadi ikatolewa noti ya Mark trilioni 100, yenye tarehe ya Februari 1924. Noti za 1923 zilichapishwa kwa wingi mno, hivyo nyingi ni za bei ndogo. Sifuri nyingi zisikutie tamaa.

“Rupie” ya Deutsch-Ostafrikanische Bank (Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani) ndiyo ya kwetu, na hiyo itunze kwa moyo wote. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia ya meli kutoka Ulaya, noti za muda zilichapishwa humu humu nchini kuanzia 1915, kwenye karatasi za aina mbalimbali, na nyingi zikasainiwa kwa mkono. Kwa hiyo uchapaji hafifu peke yake si dalili ya noti bandia. Chunguza karatasi, namba na saini kwa lenzi.

Usiioshe, usiipige pasi, usiibandike selotepu, wala usiilaminishe. Mikunjo yake iache. Unyevu wa ziwa na mchwa ndio maadui wakubwa huku kwetu: weka kila noti kwenye mfuko wake wa plastiki isiyo ya PVC, juu kabatini, mbali na jua na ukuta wa nje. Kwenye karatasi ya pembeni andika nani aliihifadhi na aliipata wapi. Waulize wazee mapema.