Barua za Kuhesabu Askari

Mwaka 1861 vita vilianza katika nchi ya Marekani. Majimbo ya kusini yalitaka kujitenga ili yaendelee na utumwa. Majimbo ya kaskazini yalikataa nchi isigawanyike. Rais wa nchi alikuwa Abraham Lincoln. Vita viliendelea mpaka 1865.

Katika somo hili hatutasoma habari za mapigano. Tutasoma habari za barua.

Jimbo moja la kaskazini linaitwa Maine. Ni sehemu ya baridi, yenye misitu mingi na pwani ndefu. Wakati ule watu wake wengi walikuwa wakulima, wakata miti, wavuvi na mabaharia. Kila mji mdogo ulichagua wazee wachache wa kuuongoza. Wazee hao ndio walioandika barua kwa serikali ya jimbo, huko Augusta. Barua nyingi zilikwenda kwa John Hodsdon, mkuu wa ofisi ya majeshi ya jimbo.

Waliandika kwa sababu ya mgao. Julai 1862 Lincoln aliita askari 300,000. Agosti akaita wengine 300,000. Kila jimbo lilipewa idadi yake, na jimbo likaigawa kwa miji. Mji usipotimiza idadi, vijana wake waliweza kuchukuliwa kwa kura, watake wasitake.

Machi 1863 ilitoka sheria kali zaidi. Wanaume wa miaka 20 mpaka 45 waliandikwa majina. Aliyeangukiwa na kura aliweza kulipa dola 300 asiende. Lakini kibarua angezipata wapi? Dola 300 zilikuwa karibu mapato yake ya mwaka mzima. Julai 1863 watu wa New York walifanya ghasia kwa siku kadhaa. Hasira yao waliimalizia kwa watu weusi, wakawaua wengi, ingawa hao hawakuitunga sheria hiyo. Ruhusa ya kulipa dola 300 ilifutwa 1864 kwa watu karibu wote.

Sasa turudi Maine. Kijana wa mji mmoja alikwenda kujiandikisha mji wa pili, kwa sababu huko walitoa fedha nyingi zaidi. Je, ahesabiwe wapi? Mvuvi aliingia jeshi la maji. Mwanzoni watu kama huyo hawakuhesabiwa katika mgao wa mji. Miji ya pwani iliumia sana, maana vijana wake walikuwa vitani tayari, na bado ilidaiwa wengine. Sheria ilirekebishwa 1864.

Kwa hiyo jina moja lililosahauliwa katika daftari lilikuwa jambo zito. Lilimtoa mtu mwingine nyumbani kwake.

Tazama mifano hii miwili. Tumeitunga sisi wenyewe kwa ajili ya somo.

Barua ya kwanza: "Bwana Mkuu, mji wetu umetoa watu wengi mno. Tunaonewa. Tafadhali utuhurumie."

Barua ya pili: "Bwana Mkuu, tumedaiwa watu 24. Katika orodha yako tumehesabiwa 15. Watu 4 walijiandikisha mji wa jirani, lakini ni wakazi wetu. Majina yao, vikosi vyao na tarehe walizoingia jeshini ni haya yafuatayo."

Karani akipokea barua ya kwanza atafanya nini? Ataisikitikia, kisha ataiweka kando. Barua ya pili inamlazimu afungue daftari.

Ofisi nayo ilikuwa na haja na wazee wa miji. Ilihitaji orodha za familia za askari zilizopewa msaada, kwa kuwa mji ulitoa fedha kwanza na jimbo likaurudishia baadaye. Barua hizo zimehifadhiwa Augusta mpaka leo.

ZOEZI

1. Katika barua ya pili, mji bado unadaiwa watu wangapi kwa hesabu ya ofisi?

2. Wale 4 wakikubaliwa, watabaki wangapi?

3. Mji huo una mabaharia 3 katika jeshi la maji. Andika sentensi mbili za kuongeza katika barua ili nao wahesabiwe. Utataja mambo gani?