Rasilimali na Uwezo katika Utendaji wa Mashirika Yasiyolenga Faida: Mfano wa Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ni nchi ya ukame ambako mashirika ya misaada yamehudumu kwa miongo mingi. Makala haya yanachunguza ni kwa nini baadhi ya miradi yake hudumu, ilhali mingine yenye fedha tele hukwama.

Dhana za Msingi

Edith Penrose (1959) alitenganisha rasilimali na huduma zinazotokana nazo. Jay Barney (1991) alieleza kwamba rasilimali yenye manufaa ya kudumu ni ile iliyo adimu na isiyoigika kwa urahisi. Wataalamu hawa walizungumzia kampuni za biashara, lakini hoja zao zinafaa hapa pia. Rasilimali ni kile shirika linacho: fedha, magari, majengo na watu. Uwezo ni namna linavyoviunganisha hadi vikaleta matokeo.

Rasilimali bila Uwezo

Huko Kalokol, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lodwar, kiwanda cha kugandisha samaki wa Ziwa Turkana kilijengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fedha na mitambo ilikuwapo. Hata hivyo, gharama ya kugandisha na mahitaji ya maji safi jangwani vililemea mradi, na shughuli hiyo ikasimama baada ya muda mfupi. Baadaye Ghuba ya Ferguson, kitovu cha uvuvi, ikakauka. Isitoshe, mradi uliwataka wafugaji wawe wavuvi, huku ujuzi wao mkubwa ukiwa katika mifugo.

Kinyume chake, Dayosisi Katoliki ya Lodwar, iliyoundwa mwaka 1978, imeendelea kutoa elimu, matibabu na maji. Rasilimali yake adimu si fedha, bali ni kukaa na watu muda mrefu, jambo ambalo mfadhili mgeni hawezi kulinunua.

Uwezo bila Rasilimali

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha Bamba Chakula, mpango wa kuwatumia wakimbizi sehemu ya mgao kwa simu ili wanunue chakula kwa wafanyabiashara wa hapo. Hata jina lake, lililotokana na lugha ya vijana wa mitaani, lilieleweka upesi. Mpango huo ulitumia uwezo uliokuwapo: utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 eneo hilo.

Hata hivyo, mwaka 2025 ufadhili ulipopungua, hasa kutoka Marekani, mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Wakimbizi waliandamana. Stadi, simu na maduka vilikuwapo. Kilichokosekana ni fedha za kuvitia uhai.

Hitimisho

Mifano hii yaonyesha kwamba rasilimali na uwezo hutegemeana, na kwamba chanzo kimoja cha fedha ni udhaifu hata kwa shirika hodari. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Shirika la Turkana lapaswa kupimwa si kwa bajeti pekee, bali pia kwa kitakachosalia mikononi mwa wenyeji na wakimbizi siku mfadhili atakapoondoka.