SOMO LA MWEZI HUU: NENO "MZIMU"

Soma: Mathayo 14:22-33

Katika somo hili wanafunzi wanamwona Bwana akija juu ya maji usiku, nao wanashikwa na hofu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walitumia hapo neno "kivuli". Sisi wa Usambara, tangu Vuga hata Mlalo, tungesema wameona mzimu. Basi neno hili limetoka wapi, na maana yake ni nini?

Mzimu ni neno la kale la Kibantu. Wataalamu wa lugha hulihusisha na kuzima, kama moto unavyozimika: mzimu ni wa mtu ambaye uhai wake umezimika. Jamaa zake ni kuzimu, mahali pa wafu. Zimwi la hadithi za watoto. Na wazimu, yaani ugonjwa wa akili. Kusini mwa Afrika, kwa Watswana, shina hilo hilo limezaa badimo, wahenga waliokufa, na Modimo, Mungu mwenyewe. Lakini Robert Moffat, katika Biblia ya Kitswana ya mwaka 1857, alitumia badimo kwa pepo wachafu. Hivyo msomaji alikuta wahenga wake wamehesabiwa pamoja na mashetani.

Twaona basi kwamba neno hubeba mzigo tunaolitwika. Kwa hiyo tujihadhari na neno "wazimu". Ndani yake limo wazo la zamani kwamba mgonjwa ameshikwa na mizimu. Kwa wazo hilo wako jamaa wanaomficha mgonjwa wao chumbani, au kumzungusha kwa waganga mpaka amedhoofika. Na hali msaada u karibu! Huko Lutindi, katika milima yetu hii, wamisionari Wajerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kuwatunza wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo hata leo.

Bwana hakuwacheka wanafunzi kwa hofu yao. Alisema nao, wakamtambua. Nasi tumwendee mgonjwa, tumwite kwa jina lake, tumpeleke hospitali, na tumwombee.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Je, katika mtaa wetu yuko mgonjwa anayefichwa?
2. Tunamwitaje, naye akisikia huonaje?