Brashi ya Upepo ya Kwanza: Mashine Itangulie Kufikiriwa

Vijana wanaojifunza uandishi wa vibao na upambaji wa vyombo vya usafiri wanazidi kuvutiwa na brashi ya upepo, ile ambayo baadhi ya mafundi huiita eabrashi. Ni kifaa kinachoshikwa kama kalamu, na kwa nguvu ya hewa hurusha rangi katika ukungu mwembamba kiasi cha kumwezesha mchoraji kutia kivuli shavuni mwa sura, au kuandika jina ubavuni mwa bajaji pasipo alama ya unywele wa brashi. Kazi zake ni nyingi: fulana, kuta za saluni, matangi ya pikipiki, mabango ya maduka. Kwa kuwa vifaa hivi hununuliwa kwa akiba ya familia au kwa mkopo wa kikundi, kosa la siku ya kununua hulipiwa kwa miezi mingi.

Kosa lenyewe lina sura moja. Anayeanza hupendezwa na brashi, akaichagua kwa uangalifu, kisha akachukua mashine yoyote ya upepo inayotosha fedha zilizobaki. Ilhali brashi ya bei ya kati inayopata hewa tulivu na kavu huchora vizuri, na brashi bora inayopata hewa yenye maji na mapigo hutema matone juu ya kazi ya mteja.

Brashi hii haihitaji upepo mwingi. Kwa kazi nyingi hutosha mgandamizo wa kati ya 15 na 30 kwa kipimo cha psi, yaani ule ambao fundi pancha hutia katika tairi la gari dogo au pungufu yake. Fulana huhitaji zaidi, 40 na kuendelea, ili rangi iingie katika nyuzi. Kuna hata watu waliojifunza kwa hewa ya tairi la akiba lililounganishwa kwa mpira. Haidumu sana, lakini inaonyesha udogo wa mahitaji.

Kwa sababu hiyo mashine kubwa ya gereji si lazima. Mashine ya nguvu farasi 2 hutumia takriban yuniti moja na nusu ya umeme kwa kila saa ambayo mota yake inazunguka, nayo hupiga kelele ambazo majirani wa nyumba ya kupanga hawatazivumilia. Ile ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya brashi, yenye takriban sehemu moja ya sita ya nguvu farasi, hutumia umeme unaokaribia ule wa balbu mbili za zamani, zile za wati 60. Hata hivyo, fundi anayetarajia kupiga rangi makabati na milango kwa gani kubwa ya rangi afikirie mapema, maana mashine hiyo ndogo haitamfaa kwa kazi hiyo hata kidogo.

Mashine ndogo nazo hazilingani. Zile zisizo na tangi husukuma hewa moja kwa moja kutoka kwenye pistoni, hivyo upepo hufika kwa mapigo, na mota haipumziki muda wote wa kazi. Yenye tangi, hata la lita 3 tu, hutuliza mapigo hayo, nayo hujizima tangi linapojaa na kujiwasha linapopungua. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili inastahili kulipwa. Mnunuzi ahakikishe pia kuwa ipo geji yenye kirekebishi cha mgandamizo, na chujio la maji kati ya tangi na mpira. Hewa inapokandamizwa hupata joto. Ikipoa, unyevu wake hugeuka maji. Mahali penye hewa nzito ya bahari, kama Tanga, Dar es Salaam au Lindi, maji hayo huonekana mapema sana, na chujio huwa kifaa cha lazima.

Sharti lisemwe neno kuhusu mashine zinazoundwa mtaani kwa mota ya friji. Zina utulivu wa sauti, na ubunifu wake unastahili heshima. Lakini mota hiyo hutoa mafuta pamoja na hewa, na mafuta huifanya rangi ikatae kushika. Jambo zito zaidi ni tangi: mtungi wa zamani uliochomelewa upya, usio na vali ya usalama, ambao ndani umeliwa na kutu, unaweza kupasuka. Asiyeweza kuthibitisha uzima wa tangi asilinunue, hata likiwa nusu bei.

Hapo ndipo zamu ya brashi inafika. Zipo ambazo kitufe kikibonyezwa hutoa hewa na rangi kwa pamoja, na wingi wa rangi hupangwa kwa skrubu. Ni rahisi kuzizoea. Nyingine kitufe hubonyezwa kutoa hewa, kisha huvutwa nyuma kutoa rangi, kidogo au nyingi kadiri kidole kinavyotaka. Aina hii ya pili husumbua wiki za mwanzo, lakini ndiyo inayofaa kununuliwa, kwa kuwa anayeanza na ile ya kwanza aghalabu hulazimika kununua mara mbili. Kikombe kikiwa juu, rangi hushuka kwa uzito wake na kidogo hutosha. Chupa ikiwa chini, hubeba rangi nyingi na hubadilishwa upesi, jambo linalowafaa wapiga fulana. Tundu la milimita 0.3 linatosha kwa michoro ya kawaida, na la 0.5 kwa fulana na rangi nzito. La 0.2 huziba haraka mno mikononi mwa mwanafunzi.

Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe kuifungua brashi na kuitoa sindano. Ncha ikipinda, hata kwa upana wa uzi, rangi haitakwenda sawa. Aulizwe pia kama anauza sindano, pua na raba za kubadilisha, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoharibika: sindano kwa kuangushwa, pua kwa kukazwa kupita kiasi, raba kwa kuliwa na tina. Brashi isiyo na vipuri sokoni itakufa pamoja na pua yake ya kwanza.

Mafunzo yaanze kwa rangi za maji zilizochanganywa hadi kuwa nyepesi kama maziwa. Rangi za magari zinazotiwa kigumishi ni jambo jingine kabisa: nyingi zina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo huweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Hazifai kupigwa chumbani, wala karibu na jiko au watoto. Hata rangi za maji zipigwe mahali penye mlango na dirisha wazi.

Kwa vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inafaa andiko la mradi litenganishe mashine, chujio, mpira, brashi, vipuri, rangi na barakoa yenye vichujio vya mvuke, kila kimoja na bei yake katika ankara kifani. Maombi yanayotaja “vifaa vya kuchorea” kwa jumla ndiyo ambayo baadaye hugundulika hayakuwa na fedha ya chujio. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kuulizwa kuhusu taratibu hizo kabla ya chochote kununuliwa.